Ushuru wa Marekani na Viwanda vya Nguo vya Athi River

Maelezo kwa wakazi na wenye viwanda, Agosti 2025



Jioni, zamu inapomalizika katika EPZ ya Athi River, kando ya barabara ya Mombasa hujaa watu wanaotoka kushona. Wengi hushona suruali na fulana zinazokwenda Marekani. Ndiyo maana tangazo lililotolewa Washington tarehe 2 Aprili 2025 lilizua wasiwasi hadi katika nyumba za kupanga za Mlolongo.

Siku hiyo Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi. Kenya ilipangiwa asilimia 10. Lesotho ilitajwa kwa 50, ikaja kushushwa hadi 15. Vietnam ilitajwa kwa 46 na Bangladesh kwa 37. Kufikia Agosti 2025 zote mbili zilikuwa kwenye 20. Kenya basi ilikuwa katika kundi la kiwango cha chini, na wapo walioshangilia. Ilikuwa mapema mno kushangilia.

Hesabu ya suruali moja inatosha kueleza sababu. Chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, nguo za Kenya zilikuwa zikiingia Marekani bila ushuru wa kawaida wa forodha, ambao kwa suruali ya pamba ni asilimia 16.6. Mwezi Agosti 2025 suruali yenye thamani ya dola 8 ilitozwa senti 80 tu, yaani ile asilimia 10 mpya. Lakini muda wa AGOA ulikuwa umepangwa kwisha tarehe 30 Septemba 2025. Bila kuongezwa, suruali hiyo hiyo ingetozwa asilimia 26.6, sawa na dola 2 na senti 13. Ya Bangladesh, ambayo haimo katika AGOA, ilitozwa 36.6. Pengo lililokuwa pointi 26.6 lingebaki pointi 10, na mshindani huyo ana viwanda vya vitambaa mlangoni pake. Kwa fulana za polista hali ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa ushuru wao wa kawaida hufika asilimia 32.

Kisheria, anayelipa ni aliyeingiza mzigo Marekani. Kiwandani mambo huenda vingine: mnunuzi hupiga simu na kuomba bei ipunguzwe ili wagawane maumivu. Kiwanda chenye mnunuzi mmoja hakina la kujibu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kiwanda ni kuusoma upya mkataba wake. Je, mzigo unakabidhiwa Mombasa, au kiwanda kimeahidi kuufikisha kwa mnunuzi ushuru ukiwa umelipwa? Na kiwango kikibadilika meli ikiwa baharini, nani atabeba tofauti? Mikataba mingi ya zamani iliandikwa wakati hakuna aliyedhani swali hilo lingeulizwa.

Swali hilo ni zito kwa sababu safari ni ndefu. Kitambaa hutoka China au India, hushushwa Mombasa, hupandishwa hadi Athi River, hukatwa, hushonwa, kisha nguo hurudi Mombasa kupakiwa tena. Mwaka 2025 meli nyingi zilikuwa bado zinaikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika. Kila wiki inayopunguzwa katika mzunguko huo inapunguza hatari ya kukutwa njiani na kiwango kipya.

Hapo ndipo malighafi za karibu zinapoingia. AGOA imeruhusu Kenya kushona kwa kitambaa kutoka nchi yoyote, na ruhusa hiyo, pamoja na faida yake yote, ilifanya kusiwe na haraka ya kufuma hapa. Kuna pamba Kitui na Makueni, kuna Rivatex kule Eldoret na kiwanda cha vitambaa Thika, lakini kitambaa kinachopatikana nchini hakitoshi oda kubwa za Marekani, na hakuna haja ya kudanganyana kuhusu hilo. Kinachowezekana upesi ni vitu vidogo: katoni, mifuko, uzi, lebo, vifungo. Mfanyabiashara wa kaunti hii anayetaka kuviuza ajue kwamba mara nyingi mnunuzi wa ng'ambo ndiye huidhinisha nani auze hata kifungo, baada ya vipimo. Aulize masharti hayo kabla ya kukopa pesa za mashine.

Njia nyingine ni kutafuta masoko zaidi ya moja. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya umeanza kutumika tangu 1 Julai 2024, na ule wa Uingereza tangu 2021. Yote miwili huruhusu nguo za Kenya kuingia bila ushuru zikitimiza kanuni za asili ya bidhaa. Kanuni hizo si sawa na za AGOA, kwa hiyo zisomwe kabla ya kitambaa kuagizwa. Tena, oda za Ulaya mara nyingi ni ndogo na zenye mitindo mingi. Laini iliyozoea suruali moja kwa wiki nyingi italazimika kubadilika mara kwa mara, na fundi anayejua mashine moja tu atahitaji kufundishwa ya pili na ya tatu. Mafunzo hayo yafanyike sasa oda zikiwepo, maana kiwanda kilichokwisha kupunguza watu hakina wa kumfundisha.

Na ipo njia ya mkato: kuleta nguo zilizoshonwa kwingine na kuzibandika lebo ya Kenya. Amri ya Marekani ya tarehe 31 Julai 2025 iliweka asilimia 40 kwa mzigo uliobainika umepitishwa nchi nyingine ili kukwepa ushuru, mbali na faini. Kiwanda kimoja kikinaswa, forodha itaanza kuyatilia shaka makontena ya wenzake wote.

Kontena lililofungwa Athi River mwishoni mwa Agosti 2025 huenda lilifika Marekani baada ya tarehe 30 Septemba. Makubaliano ya nani atalipa nini yaandikwe kabla kontena lolote halijatiwa lakiri.