Bibi Aliyebeba Mawe



Kamati ya Jubilei iliponipa kazi ya kuandaa orodha ya waliojenga usharika huu, niliandika majina 12, yote ya wanaume. Nikamsomea shangazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na mawe ya kanisa, Mchungaji, yalijileta yenyewe kutoka mtoni?"

Swali hilo lilinirudisha kwa bibi yangu, mama yake shangazi. Bibi hakujua mwaka wa kuzaliwa kwake. Aliambiwa tu kwamba mama yake alimkimbiza mgongoni, angali mchanga, majeshi ya Uingereza yalipoingia Moshi. Hiyo ilikuwa Machi 1916. Nikapata pa kuanzia.

Kitabu cha ubatizo kinamtaja kwa jina. Baada ya ndoa jina hilo linapotea. Anakuwa "mke wa", kisha "mama wa". KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933 na babu akajiunga na chama cha ushirika, kadi ilikuwa yake babu. Aliyechuma kahawa, akaimenya na kuianika, alikuwa bibi.

Wamishonari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 tunawakumbuka kwa majina, na ni haki. Walipoondolewa mwaka 1920, walimu wenyeji ndio walioendelea kufundisha, nao tunawataja. Lakini walimu hao walikula nini? Shangazi alikua akiona mkungu wa ndizi ukitengwa kwa ajili ya mwalimu kabla watoto wa nyumbani hawajagawiwa.

Jengo hili lilipojengwa, wanawake walibeba mawe na mchanga, ngata kichwani, baada ya kutoka kukata majani ya ng'ombe. Shangazi, akiwa mtoto, alimfuata bibi na jiwe lake dogo. Bibi aliumwa shingo hadi kufa kwake. Sisi wajukuu tulidhani ni uzee.

Ndugu zangu, Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu imani yake, alimtaja bibi yake kwa jina: Loisi. Nami, mwenye elimu ya chuo cha theolojia, nilimwacha bibi yangu nje ya historia ya kanisa alilolijenga. Naomba radhi mbele yenu.

Orodha nimeirudisha kwa Kamati, na majina ya wanawake tuliyoweza kuyapata yameongezwa. Mengine hatukuyapata, kwa kuwa waliokuwa wakiyajua wamekwisha kulala. Shangazi sasa amepita miaka 80. Basi leo, mkifika nyumbani, ketini na wazee wenu mkiwa na daftari. Waulizeni jina la bibi zao, siyo la babu peke yake. Waulizeni walibeba nini, na kutoka wapi. Kisha leteni majina hayo ofisi ya usharika.

Mungu awabariki. Amina.