Stockholm: Kipimajoto Kinapozungumza na Kompyuta

Juu ya kilima cha Observatorielunden, katikati ya jiji la Stockholm, kingali kimesimama kituo cha kale cha wanafalaki kilichofunguliwa mwaka 1753, enzi za Pehr Wargentin. Kumbukumbu za joto la kila siku zilianza hapo mwaka 1756, nazo zinaendelea hadi leo. Ni miongoni mwa ndefu zaidi duniani.

Kwa karne mbili na zaidi mtu alikitazama kipimajoto, akaandika. Tangu miaka ya 1990 mitambo inayojiendesha nayo inapima kilimani hapo, na ndipo linapozuka swali ambalo Wargentin hakulijua: je, namba iliyotoka kwenye chombo ndiyo iliyofika kwenye programu ya takwimu?

Vyombo vingi vya kupimia bado hutumia poti ya siriali, tundu la kompyuta ambamo taarifa hupita biti moja baada ya nyingine, kwa kanuni iliyotungwa Marekani mwaka 1960. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9600 kwa sekunde, hupita herufi 960 tu. Kwa kipimajoto hizo ni nyingi mno. Tatizo si kasi, bali ni kwamba chombo husema wakati wake, hakisubiri msikilizaji. Programu ikisoma katikati ya mstari, hupata kipande. Na kipande hicho chaweza kuonekana kizima! Nyuzi 12.4 chini ya sifuri, ikipotea alama ya kutoa, huwa joto la 12.4 katikati ya Januari. Ikikatika mwishoni, hubaki nyuzi moja chini ya sifuri, jambo ambalo Stockholm halimshangazi mtu yeyote. Kosa hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi.

Kwa hiyo wataalamu hawaiachii R, programu ya takwimu iliyoanzia New Zealand, kazi ya kulinda poti. Programu ndogo hukaa mlangoni, hukusanya herufi mpaka alama ya mwisho wa mstari ifike, huweka saa, kisha huandika kwenye faili. R husoma mistari iliyokamilika tu. Saa nayo ina mtego wake: Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Sweden hurudisha saa nyuma, na kipindi cha kati ya saa nane na saa tisa usiku hujirudia. Asiyetumia saa ya kimataifa atakuwa na vipimo viwili vya wakati mmoja.

Wapo wanaodhani dawa ni kuiamuru kompyuta itupe kila namba ya ajabu. Hapo yafaa kulikumbuka Ziwa Victoria, ambalo kina chake kimepimwa nchini Uganda tangu mwaka 1896. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, yakavuka kila alama iliyowahi kuandikwa. Programu iliyofundishwa mipaka ya zamani ingeyafuta mafuriko yale kana kwamba ni hitilafu ya waya. Afadhali namba inayotiliwa shaka iwekewe alama, na mstari wenyewe ulivyotoka kwenye chombo uhifadhiwe kando bila kuguswa, mpaka mtu aukague.