MAJI MATUPU KATIKA REJETA NI DENI

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao walikuwa zamuni siku hiyo.)



Mimi si msemaji. Shule yangu ilikuwa ya msingi tu, shule ya misheni, na mengine yote nimefunzwa na spana. Lakini Katibu amenisimamisha hapa kwa sababu ndugu kadhaa wa tawi letu wamechukua mkopo katika chama cha akiba wakanunua motokaa, na mmoja wao motokaa yake sasa imelala uani juu ya mawe. Sikuja kumcheka. Mimi nilimtangulia katika kosa hilo hilo.

Nilinunua motokaa ndogo iliyotumika, mimi na shemeji yangu, ili siku zetu za mapumziko ibebe mizigo ya sokoni. Nilipoona kichupa cha rejeta kimepungua, nilitia maji ya mfereji. Kilipopungua tena, nikatia tena. Fundi mmoja akaniambia nitoe tamostati ili injini ipoe zaidi, nami nikakubali. Mwezi wa kumi na mbili tukapanda kwenda nyumbani na watoto. Tulipopita Nakuru na kuanza mlima wa Timboroa, mshale wa joto ukapanda. Nilisema moyoni, nikifika juu nitasimama. Sikufika juu. Heda ilipinda, gasketi ikaungua, na watoto wakalala kando ya barabara katika baridi kali. Mkopo niliulipa mwaka mzima na zaidi huku motokaa yenyewe haitembei.

Ndugu zangu, aibu yangu ni hii, kwamba mimi ni mtu wa reli. Wazee waliotufunza kazi walituambia habari za injini za mvuke, kama zile Garratt kubwa zilizoletwa kutoka Manchester tangu mwaka 1955, na moja yao, Mount Gelai, imewekwa katika nyumba ya makumbusho ya reli, Nairobi. Boila zake zilikuwa zikipozwa, zikifunguliwa vizibo, zikaoshwa kwa maji ya nguvu, kwa sababu maji yakichemka huacha ukoko kama wa sufuria ya wali. Ukoko huzuia moto usipite. Na injini za dizeli za leo maji yake hutiwa dawa ya kuzuia kutu. Mambo hayo niliyajua kazini, lakini nyumbani niliyasahau.

Kuna wenzetu wanaosema kwamba kulanti, yaani ile dawa ya rangi ya kutia katika rejeta, ni kwa ajili ya nchi za theluji tu. Hiyo ni nusu ya kweli. Ni kweli huzuia maji yasigande. Lakini pia huzuia kutu ndani ya injini na rejeta, hulinda pampu ya maji, na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100. Hapa Nairobi huchemka kwa digrii 94 hivi. Timboroa, mahali palipo juu ya futi 9,000, huchemka kwa digrii 91 hivi. Basi pale ambapo motokaa inavuta kwa shida zaidi, ndipo maji matupu huchemka upesi zaidi. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima na springi yake inashika, mchanganyiko huo huweza kufika digrii 120 bila kuchemka.

Lakini dawa nayo huchoka. Kulanti za namna ya zamani hudumu kama miaka 2, na nyingi za namna mpya hudumu kama miaka 5. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Usiamini rangi peke yake, maana kila kiwanda hutia rangi kipendavyo, na namna mbili zikichanganywa huweza kufanya tope. Kitabu cha motokaa zetu mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Tafuta mtu akusomee, ujue aina inayotakiwa na lita ngapi. Motokaa ndogo nyingi huchukua lita 4 mpaka 6.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe. Yahitaji siku moja ya mapumziko. Tafuta karai pana, koleo na bisibisi, mpira wa maji, glavu, mtungi mtupu wenye kifuniko, kulanti, na maji yaliyosafishwa yale ya kuongeza katika betri. Angalieni sana hapo: nimesema maji ya betri, si asidi ya betri.

Jambo la kwanza ni subira. Injini iwe baridi kabisa. Afadhali uanze asubuhi kabla hujaiwasha. Ndugu mmoja wa zamu yetu alifungua kifuniko cha rejeta motokaa ikiwa imetoka safarini. Maji yaliruka yakamchoma mkono mpaka kiwiko, na hakufanya kazi wiki nyingi. Hata ikiwa baridi, weka kitambaa juu ya kifuniko, ukizungushe polepole. Motokaa isimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu. Na vidole viwe mbali na feni, kwa kuwa feni ya umeme huweza kuanza yenyewe.

Pili, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita ya ndani kwenye moto mwisho, kisha uzime. Weka karai chini ya rejeta na ufungue koki ya chini. Mara nyingi koki hiyo ni ya plastiki, usiilazimishe. Kama haifunguki au haipo, legeza klipu ya mpira wa chini na uuchomoe polepole. Yatazame maji yanayotoka. Yakiwa mekundu kama udongo, ni kutu. Yakiwa na mafuta juu yake, au ute kama maziwa yaliyoganda, acha kazi uite fundi, kwa maana huenda gasketi ya heda imepasuka, na kuosha hakutaponya ugonjwa huo. Kichupa cha akiba nacho kitoe ukioshe.

Tatu, funga koki, jaza maji safi, rudisha kifuniko, washa injini. Iache ingurume mpaka mpira wa juu uwe moto, na hita itoe hewa ya moto. Hiyo ni alama kwamba tamostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Zima, ngojea ipoe kabisa, kisha mwaga tena katika karai. Usitie maji baridi katika injini ya moto, chuma hupasuka. Fanya hivyo tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Mara ya mwisho osha kwa yale maji yaliyosafishwa, ili chumvi ya mfereji au ya kisima isibaki ndani.

Nne, kujaza. Hapa wengi hukosea. Rejeta ikiwa tupu, ndani ya injini bado kuna maji yaliyobaki. Ukitia mchanganyiko uliokwisha kupimwa, utakuwa dhaifu. Basi nunua kulanti nzito isiyochanganywa. Kama motokaa yako yote huchukua lita 5, tia kwanza lita 2 na nusu za kulanti, kisha ujaze kwa maji yaliyosafishwa mpaka ijae. Utakuwa umepata nusu kwa nusu.

Tano, toa hewa. Kifuniko kikiwa wazi, washa injini ikiwa bado baridi, uiache ingurume polepole. Minya mpira wa juu mara kwa mara ukiwa na glavu. Utaona mapovu yakitoka na maji yakishuka, nawe uongeze. Mapovu yakiisha, funga kifuniko kabla maji hayajaanza kupanda, kisha ngojea mpaka feni iwake na kuzima. Ukisikia hita inatoa hewa baridi ilhali injini ni moto, bado kuna hewa ndani. Jaza kichupa katikati ya alama mbili. Kesho yake asubuhi angalia tena, na chungulia chini kama kuna tone. Motokaa nyingine zina skrubu ya kutolea hewa, au kanuni yake peke yake. Hapo fuata kitabu.

Na tamostati isitolewe. Kazi yake ni kuiacha injini ipate joto lake upesi na kulishika hapo. Ukiitoa, injini hubaki baridi mno, hula petroli nyingi na huchakaa. Ikikwama, nunua nyingine.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Ile kulanti iliyotoka ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa huilamba, mbuzi huinywa, mtoto naye huweza kuinywa, na kidogo tu kinaweza kuharibu figo na kuua. Usiimwage chini, wala katika mtaro, wala katika choo cha shimo. Usiiweke katika chupa ya soda hata kwa dakika moja. Itie mtunguni, ufunge, uandike SUMU, na uweke mahali pa juu penye kufuli.

Kwa hivyo nina ombi kwa tawi. Tuchague Jumamosi moja, wenye motokaa tuje pamoja, tununue dawa kwa jumla, na maji machafu yote tuyakusanye katika pipa moja, ili Katibu amtafute mchukuzi wa taka mwenye kibali cha NEMA. Mtu mmoja mmoja hawezi kumwita, lakini sisi sote twaweza. Na yule ndugu ambaye motokaa yake imelala juu ya mawe, aje pia. Tutaifungua heda pamoja, tuone kama yaweza kusawazishwa.

Deni la chama cha akiba halijui kama motokaa imekufa. Litakuja mwisho wa mwezi vile vile. Mwenye swali na aulize.