Mabomba ya Majitaka na Uhai wa Watu



Shule mpya hufunguliwa kwa ngoma na hotuba, na daraja jipya hukatiwa utepe. Bomba la majitaka halipati heshima hiyo. Limefukiwa ardhini, halionekani, wala halikumbukwi mpaka siku linapopasuka. Hapo ndipo maradhi huingia majumbani, na gharama yake hulipwa kwa roho za watu.

Zambia imelijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 2023 kipindupindu kilizuka katika wilaya kadhaa za nchi hiyo, ikiwamo Nchelenge iliyo kando ya Ziwa Mweru. Kuanzia Oktoba mwaka huo ugonjwa ulipamba moto mjini Lusaka. Katika mlipuko huo, ulioendelea hadi mwaka 2024, watu zaidi ya 23,000 waliugua na zaidi ya 700 walifariki dunia. Hata Uwanja wa Mashujaa, mahali pa kandanda, uligeuzwa kuwa kituo cha kutibia wagonjwa.

Yafaa ieleweke jinsi bomba kuukuu linavyodhuru. Bomba la zege huliwa kutoka ndani. Hewa yenye harufu mbaya inayotoka katika uchafu hugeuka kuwa tindikali, nayo hulila zege mpaka likabomoka. Mizizi ya miti nayo hupenya kwenye maungio. Uchafu huvuja ardhini, na pengine karibu yake limelazwa bomba la maji ya kunywa. Maji yanapokatwa, msukumo hupungua, na uchafu ulioko nje hufyonzwa ndani kupitia nyufa. Mama anayekinga ndoo yake asubuhi hana njia ya kulitambua hilo.

Huko Nchelenge na Kashikishi hatari ni hiyo hiyo, ila kwa sura nyingine. Kaya nyingi hutegemea vyoo vya shimo. Kando ya ziwa maji ya ardhini hayako mbali, na masika yakija mashimo hujaa na kufurika hadi kwenye visima. Aidha, ziwa hilo ni la nchi mbili, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mitumbwi ya wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka huku na huku. Kipindupindu huvuka nao bila ya kuonyesha pasi.

Wako watakaosema kwamba halmashauri zetu hazina fedha. Ni kweli kwamba fedha ni haba. Lakini historia yatufundisha kwamba fedha hupatikana wakubwa wanapoguswa. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha mjini London kwamba kipindupindu kilienezwa na maji ya kisima kimoja. Hata hivyo, Bunge la Uingereza lilitoa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya majitaka mwaka 1858 tu, pale uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge wenyewe. Je, nasi tungoje uvundo ufike katika vyumba vya mikutano?

Kati ya mwaka 2013 na 2018 Lusaka ilikarabati na kupanua sehemu ya mabomba yake kwa msaada wa Marekani. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini ugonjwa ulirudi, kwa kuwa wakazi wengi wa mitaa ya watu wa kipato cha chini walikuwa wangali wanatumia vyoo vya shimo. Hivyo basi, kuziba nyufa za mtaa mmoja na kuuacha mtaa wa jirani bila choo salama ni kufanya nusu ya kazi.

Wanaohusika hawana budi kuyakagua mabomba kabla hayajapasuka, na ada ya majitaka inayolipwa na wananchi itumike kwa majitaka. Katika fukwe za maziwa, vyoo vijengwe juu ya tuta, mbali na visima, na kambi za wavuvi zisisahauliwe. Wananchi nao wasitupe takataka katika mashimo ya mabomba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko chini ya miguu yetu, na masika hayatungoji.