Mcheza Kwao Hutunzwa



Leo tunakumbuka tarehe 12 Desemba 1963, na hakuna sherehe yetu ya uhuru inayokwisha bila "Jambo Bwana" kupigwa. Watoto waliozaliwa huku wanaujua wimbo huu kabla hawajakijua Kiswahili chenyewe. Lakini ukiwauliza ni wa nani, wengine hujibu, "Wa Boney M." Sivyo, wanangu. Ulitolewa mwaka 1982 na Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Boney M walirekodi toleo lao mwaka 1983.

Jina la mtunzi lina uzito kwa sababu wimbo una haki mbili: ya mtunzi wa maneno na mahadhi, na ya mwenye rekodi. Mwingine akiuimba upya, rekodi ni yake, lakini utunzi unabaki wa aliyeutunga. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ili na watoto wake wapate.

Intaneti imerahisisha wizi, na malipo pia. YouTube ina mtambo unaotambua wimbo ndani ya video. Mwenye haki aliyesajili kazi yake anaweza kuizuia video hiyo au kuchukua pato la matangazo. Ndiyo maana video zetu za arusi wakati mwingine huzimwa sauti. Lakini mzee wa bendi ambaye hakusajili chochote anaweza kuona pato lake likichukuliwa na mtu aliyepandisha tu rekodi. Nako Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi. Kwa nyimbo za zamani za kwetu, masikio yetu yanahesabika.

Sisi wauguzi tukikatwa malipo ya saa moja ya zamu, hatunyamazi. Mwanamuziki naye amemaliza zamu yake.

Basi, tusikilize kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe. Vijana mnaotengeneza video, ombeni ruhusa na mtaje mtunzi. Na kamati yetu ikimwalika msanii, imlipe, isimwambie "njoo ujitangaze."

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Wao wamecheza, kwao ni sisi.

Jamhuri njema.