HOTUBA YA MWENYEKITI: SHINGO ZETU NDIYO MTAJI WETU



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Habari za hisa na mikopo katibu ameshazisoma kwenye risala. Sisi tuna jambo moja, la shingo.

Wengi wetu hapa Mabatini tunapanda mawe haya na ndoo kichwani, wengine tunabeba beseni za dagaa toka Mwaloni Kirumba. Mwenzetu mmoja alianza kuumwa shingo, maumivu yakashuka begani mpaka vidoleni, mkono ukafa ganzi. Tukasema ni uchovu, tukamkanda na maji moto. Alipoomba mkopo wa vipimo tukamkatalia, eti mkopo ni wa biashara tu. Jamani, tulikosea. Mpaka alipoanza kudondosha mwiko ndipo tukachanga, tukampeleka Bugando.

Daktari alianza kwa kumwuliza maswali na kupima nguvu za mikono. Picha ya eksirei ikaonyesha mifupa. Shingo ina pingili 7, lakini mishipa ya fahamu haionekani kwa eksirei. Ndipo akaingizwa kwenye mashine ya MRI. Hiyo haina mionzi kama ya eksirei, inatumia sumaku, ndiyo maana unavua vyuma vyote kwanza. Ikaonekana sahani laini iliyo kati ya pingili mbili imechomoza, inabana mshipa wa fahamu.

Tuliambiwa pia si kila shingo inayouma ihitaji picha hiyo. Wengi hupona kwa dawa na mazoezi katika wiki chache. Na ukishakuwa mtu mzima, picha huonyesha pingili zimechakaa hata kama huumwi. Lakini ukiona mkono unalegea, miguu inayumba, haja ndogo inatoka yenyewe, au umeumia shingo kwa kuanguka, usingoje. Wahi hospitali.

Mwenzetu hakupasuliwa. Leo amekaa nasi hapa, ila vidole viwili bado vina ganzi, na kila tukiviona tunakumbuka siku tuliyomkatalia.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mfuko wa jamii ulipie vipimo vya mwanachama akiandikiwa na daktari. Fedha huzaa fedha, lakini anayezizalisha ni mtu mwenye afya.