Kinda Chini ya Ua, Mbwa Mlangoni

Msikilizaji, ndege shore unamjua: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, kelele tangu alfajiri. Hujenga kiota kwenye ua au mwembe wa nyumbani, na hapo ndipo mbwa wako, Simba au Popi, huanza kunusanusa.

Makinda ya shore hutoka kiotani kabla hayajaweza kuruka vizuri. Ukimkuta mmoja chini, ana manyoya na anarukaruka, hajapotea. Wazazi wako juu wanapiga kelele, mdomoni wana mdudu. Mfunge mbwa au mfungie bandani siku chache, kisha mpandishe kinda kwenye kichaka kilicho karibu. Asiye na manyoya mrudishe kiotani. Eti mama atamkataa kwa harufu ya mkono wako? Si kweli, ingawa wengi tumelelewa na imani hiyo.

Usimpe maziwa wala ugali, na maji usimtilie mdomoni: huingia kwenye njia ya hewa, akafa mkononi mwako. Lakini mbwa akishamng'ata, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama huoni jeraha; mate ya mbwa yana bakteria, na jino huacha tundu dogo lililofichwa na manyoya.